Barua ya Tembo

Neema aliniomba niwaandikie "kurasa mbili tatu" kuhusu dawati la viza kabla sijasahau. Neema ana adabu; alimaanisha kabla sijafa. Nilistaafu mwezi uliopita. Mlinikatia keki yenye ndege ya sukari juu, bawa moja likabaki kwenye kisu, na Bwana Mehul akasimama akasema mimi ni nguzo ya ofisi. Nguzo yenyewe mliikalisha miaka sita kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya. Haya, yamepita. Cheo na mshahara sitavizungumzia: cheo kilikuwa kirefu mno, mshahara ulikuwa mfupi mno, na vyote viwili mnavijua.

Nilianza kazi nikiwa binti wa Kikatiti mwenye cheti cha uhazili na viatu vya dada yangu. Ofisi yetu ya safari ilikuwa pale pale ilipo sasa, juu ya duka la vitambaa la babu yake Bwana Mehul, na dawati la viza lilikuwa la Bi Nasim. Bi Nasim alikuwa mama wa Kihindi, Muislamu, mzaliwa wa Arusha kama baba yake na babu yake. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa bado nafikiri Kimeru kwanza ndipo nafungua mdomo. Alinikabidhi mkasi, rula, gundi, stepla na shuka jeupe. Shuka lilikuwa la kutundika ukutani nyuma ya mteja, maana studio zote za mjini zilipiga picha mbele ya pazia la buluu lenye maua ya plastiki, na sijawahi kusikia ubalozi unaopenda maua ya plastiki.

Siku ya kwanza kabisa nilibana picha ya mteja kwenye fomu kwa stepla, pini ikapita katikati ya paji la uso. Mteja alikuwa mchungaji. Bi Nasim aliitazama ile fomu kwa muda, akaniuliza kwa upole huyu baba alinikosea nini. Kisha akaniamuru nimpigie simu mimi mwenyewe, nimweleze kwa nini inabidi aje tena kutoka Terrat kupigwa picha nyingine. Tangu siku hiyo picha nabandika kwa gundi, na wachungaji nawaamkia mara mbili.

Sasa, viza ya utalii ni nini? Nyinyi mmezoea kupakia vitu kwenye mtandao, mnadhani ni suala la ukubwa wa faili. Viza ya utalii ni kumshawishi mtu usiyemwona kwamba mteja wako anaipenda nchi ya mtu huyo kiasi cha kwenda, lakini haipendi kiasi cha kubaki. Ndiyo maana wanataka tiketi ya kurudi, hoteli, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, na barua ya mteja mwenyewe kueleza safari. Na mji huu wetu, jamani, unakula kwa watalii asubuhi, mchana na jioni. Tunawabeba, tunawapikia, tunawapandisha Meru, tunawauzia vinyago vya Mmasai vilivyochongwa na mtu ambaye si Mmasai. Lakini mtu wa Arusha akisema yeye naye anataka kuwa mtalii, watu wote, mpaka mama yake, wanamuuliza anakwenda kufanya nini hasa.

Thailand ndiyo iliyokuwa mkate wetu. Wengi walioomba walikuwa kina mama wa maduka ya nguo, watalii wa aina yake, waliokwenda kuona mandhari wakiwa na masanduku matatu matupu kila mmoja. Pasipoti zilipanda basi dogo la Nairobi, zikavuka Namanga kwenye bahasha ya kaki, zikaenda ubalozini, zikarudi baada ya wiki. Kabla bahasha haijafungwa, Bi Nasim alimkalisha mteja mbele yake, akavua miwani, akanyoosha mgongo, akageuka afisa wa ubalozi. Anakwenda lini, anarudi lini, nani anabaki na watoto, kwa nini huko na si Zanzibar. Nimeona mwanamume mwenye malori manne anasahau jina la mke wake kwenye kile kiti. Bi Nasim alisema bora asahau hapa, chai ipo.

Na msimuage mtu kabla ya viza. Hilo nalisema kwa sababu watu wetu hawasikii. Jamaa mmoja wa Usa, hapo karibu na Kikatiti, alichinja mbuzi, jumuiya nzima ikaimba, akaombewa safari, akapewa orodha ya zawadi, siku tatu baadaye viza ikakataliwa. Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani Kikatiti nikamkuta kwa dada yake, jirani yetu, amejificha nyuma ya jiko anamenya ndizi. Alikaa pale siku kumi, muda wote wa safari yake, halafu akarudi Usa amevaa shati la minazi alilonunua Arusha sokoni, akawasimulia watu habari za joto la Bangkok. Hadi leo anaheshimika kama mtu aliyetembea.

Basi, barua ya tembo. Mwanzo wake ulikuwa wa heshima. Alikuja Singasinga mmoja, fundi magari, mtu aliyependa tembo kuliko ndugu zake, anawajua wa hifadhini Momela mmoja mmoja kwa masikio. Alitaka kuona tembo wa Asia kabla hajazeeka. Bi Nasim alimsikiliza mchana mzima, akamwandikia barua kwa Kiingereza, barua nzuri aisee, unaisoma unatamani kumpa viza wewe mwenyewe. Viza ikatoka haraka. Bi Nasim akaiweka nakala kwenye faili. Miaka baadaye alipoacha kazi kwenda kukaa na binti yake ng'ambo, alinishika mkono akaniambia kila mteja aandikiwe barua yake, kwa maneno yake. Nikasema ndiyo Bi Nasim. Hata hajafika uwanja wa ndege, nikafungua faili.

Mnaelewa, ilikuwa barua nzuri. Nilibadilisha jina, namba ya pasipoti na tarehe. Muuza jinzi alitaka kuona tembo. Mwalimu wa hesabu alitaka kuona tembo. Maharusi wa fungate walitaka kuona tembo. Na kile kikao cha maswali nikakifupisha, kisha nikakiacha, maana foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa mzoefu. Mkitaka kujua mzoefu ni nani, ni mtu anayekosea bila kutetemeka.

Ndipo wakaja Baba Elibariki na mkewe. Baba Elibariki alikuwa dereva wa watalii, mmoja wa wale wa zamani, miaka thelathini na moja barabarani, shati la kaki limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Wanakaa njia ya kwenda Momela, shamba lao linapakana na hifadhi. Mama Elibariki alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, ameshika mkono wa mumewe, na alipokaa alikitafuta kiti kwanza kwa kiganja. Nikawaamkia. Baba akaeleza kwamba amestaafu, watoto wamewachangia tiketi, wanataka kwenda Thailand siku saba. Kwa nini Thailand? Kwa sababu wageni wake wote, miaka yote, wakipanda gari walikuwa wanasimulia walikotoka kutembea, na wengi walitaja huko. Amechoka kuambiwa, alisema. Halafu akapunguza sauti. Mama ana presha ya macho, jicho moja limeshafungwa, la pili daktari amesema labda mwaka, labda pungufu. Wanataka kwenda kabla.

Nikawapa ushauri wa kitaalamu. Habari ya macho wasiitaje popote, ubalozi utadhani wanakwenda kutibiwa. Barua ya mtendaji wa kijiji walikuwa nayo, ng'ombe wawili wa maziwa walikuwa nao, picha nilipiga vizuri. Hati ya shamba hawakuwa nayo, kwa sababu shamba la ukoo linajulikana na ukoo, na ukoo haugongi mihuri. Barua ya safari nikatoa kwenye printa ikiwa ya moto. Mama Elibariki aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi. Nikamshika kidole nikamwonyesha pa kusaini, akasaini taratibu sana. Nikawaambia wiki mbili tu.

Pasipoti zilirudi baada ya wiki mbili kweli, tupu. Karatasi iliyoambatana nazo ilikuwa na mstari mmoja usiosema kitu. Nikapiga simu Nairobi kwa dada mmoja wa mapokezi pale ubalozini, Mkenya, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tumezoeana sauti bila kuonana. Akaniuliza, "Madam, huko Arusha ndovu wameisha?" Nikaelewa kwamba barua zangu zote wamezisoma.

Wale wazee walipokuja niliwaambia kile tunachowaambia wote: ubalozi umekataa, na ubalozi hausemi sababu. Na mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nimejifunza kutikisa vizuri. Baba Elibariki alinipa lile tabasamu analompa mgeni ambaye ameamka mapema na chui hakutokea. Akasema si kitu, tushukuru. Mkewe hakusema si kitu. Alisema juzi amekwenda kliniki, wamempima, jicho limepungua tena. Kisha akaomba nimsomee ile barua aliyoisaini, kwa Kiswahili, pole pole.

Ningeweza kumwambia nakala imepotea. Nililifikiria hilo, sitawaficha. Lakini nikaifungua, nikaanza kusoma. Nilipofika aya ya pili aliniinulia mkono.

"Tembo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hawa hawa waliomaliza mahindi yangu mwezi wa pili?"

Baba Elibariki akaangalia dirishani.

"Miaka yote napiga debe usiku nimfukuze tembo shambani," mkewe akasema, "halafu nipande ndege nimfuate. Na nimesaini. Wewe ndiye uliyenishika kidole."

Niliona aibu. Sijui nilitaje vipi jambo hili kwa namna ya ofisi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, mbele ya wateja wengine watatu na kijana mmoja wa bima. Mama huyu alikuwa ameniamini niwe jicho lake, na mimi nikamwandikia mahindi yake yaliyoliwa kuwa ndiyo hamu yake. Nikawaambia kweli: barua hiyo ni ya mtu mwingine, nimeitumia kwa watu wengi, na kukataliwa kwao kumetoka kwenye dawati hili, si kwao. Baba Elibariki akataka kuniokoa, mazoea ya kazi yake, akaanza kusema makosa hutokea. Mkewe akamgusa goti.

"Basi chukua kalamu," akaniambia. "Sasa andika nitakayosema."

Nikachukua kalamu. Nikamuuliza, kama Bi Nasim alivyouliza, kwa nini huko. Akaanza kusema, na mimi nikaandika kwa Kiswahili chake, neno kwa neno:

"Mume wangu amewatembeza watu miaka thelathini na moja. Mimi gari lake la kazi sijapanda hata siku moja, lilikuwa la wageni. Nimemwona akiondoka alfajiri na nimemwona akirudi na vumbi. Krismasi nyingi alikuwa porini na familia za watu. Sijawahi kumwona ametulia, mwingine anaendesha, mwingine anamwambia tazama kule. Macho yangu yanakwisha. Nataka nimwone hivyo mara moja. Tukimaliza tutarudi, kwa sababu ng'ombe wanakamuliwa na jirani, na jirani ana mikono mizito."

Baba Elibariki alitoka nje akasema anakwenda kuangalia gari. Gari lilikuwa chini ya dirisha, linaonekana.

Nilitafsiri bila kupamba, ikaja nusu ukurasa. Bwana Mehul aliisoma, akaishika kwa vidole viwili. Wakati huo ndiyo kwanza ametoka chuo, anajua kila kitu.

"Mama, hii ni barua ya viza au ya kuomba sadaka?" akaniuliza. "Umetaja macho. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha tusitaje ugonjwa."

Nikamwambia niliwafundisha vibaya. Kisha nikamwonyesha karatasi ya pili, maana niliongeza yangu: kwamba barua ya kwanza iliandikwa na mimi, si na mteja, wala mteja hakusomewa. Alibadilika rangi. Alisema nikituma hiyo, kila bahasha ya ofisi hii itakayovuka Namanga itasomwa kwa darubini. Na hakukosea, kwa haki kabisa. Kina mama wa jinzi walikuwa wanatutegemea, na yeye ndiyo kwanza amekabidhiwa ofisi na baba yake. Nikamwambia achague: atume karatasi zote mbili, au aniambie yeye mwenyewe jinsi ya kumweleza yule mama kwamba tunamtuma tena kwa tembo. Akanitazama sana. Mwisho akasema nipeleke, ila nisimwambie baba yake. Baba yake nilimwambia jioni ile ile, na akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya sita tangu bahasha iondoke simu ikalia. Hakuwa yule dada wa mapokezi, alikuwa mwanamke mwingine, afisa, Kiingereza cha pole pole. Aliniuliza kama mwenye barua anajua Kiingereza. Nikasema hapana. Nani aliyeyasema maneno haya? Yeye. Na barua ya kwanza? Mimi. Akauliza, na zile nyingine za tembo? Nikasema na zile pia. Nikawa nahesabu pini kwenye kibati. Halafu akauliza swali moja ambalo halipo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza: je, safari imepangwa kwa gari lenye dereva? Nikamwambia ndiyo, siku zote saba. Akasema asante, akakata.

Viza zilikuja zote mbili. Nilizishika mbele ya mwanga kama noti, nisiamini. Na Bwana Mehul alisema kweli, kwa mwaka mzima kila faili letu liliulizwa maswali mawili zaidi. Ilibidi nirudishe kikao cha maswali, nikae na kila muuza jinzi nimuulize anakwenda kufanya nini, na yeye aseme, na mimi niandike. Wachache wakakataliwa. Wengi wakapita, tena na viza sahihi ya biashara, kumbe ipo. Kazi iliongezeka mara tatu na nyinyi mliokuja baadaye mkadhani nimezaliwa mkali.

Wale wazee walirudi wiki moja baada ya kuondoka, kama tiketi ilivyosema. Mama Elibariki alipanda ngazi polepole, mkono ukutani, mumewe amebaki chini anatafuta pa kuegesha. Jicho lilikuwa limeshuka sana. Alinijua kwa sauti. Nikampa kiti, nikampa chai, na nikashindwa kungoja. Nikamuuliza kama alimwona mumewe ametulia.

"Siku nne hovyo," akasema. "Alikaa mbele na dereva. Lugha hawana, lakini anamwonyesha gia, anamkanyagia breki miguuni kwake, wakisimama anashuka kugonga matairi. Nikasema moyoni, mimi nimekuja kumwangalia huyu huyu wa kila siku."

Akanywa chai.

"Siku ya tano tulikuwa na njia ndefu, na mvua. Akaja kukaa nyuma na mimi. Haikupita nusu saa akalala. Mdomo wazi, kofia imeanguka, kichwa kinakwenda huku na huku. Kulikuwa na mama mmoja Mkenya kwenye gari, mtu mwema, alijua habari ya macho yangu. Kila mara ananigusa bega, mama tazama nje, hekalu hilo, mama tazama, utakosa. Nikamwambia, mwanangu, natazama."